Kupima Wimbi Bila Kuligusa

Anayevuka mto Kongo kwa mtumbwi kutoka katikati ya mji wa Kisangani kwenda Lubunga hana shida sana na boti ya kasi inayopita mbele yake. Shida yake ni kile inachokiacha nyuma. Boti imeshakwenda zake, kelele ya injini inafifia, abiria wamerudi kwenye maongezi yao, ndipo wimbi la kwanza linapowasili. Mpiga kasia hulitambua mapema. Huugeuza mtumbwi ulikabili wimbi kwa omo, huacha kupiga kasia, na kumwambia mama aliyesimama na karai lake la mihogo: "Mama, ikala chini!" Ukingo wa mtumbwi uliobeba watu kumi na magunia ya makaa unabaki kiganja kimoja tu juu ya maji. Wimbi likizidi hapo, maji yanaingia.

Ukimuuliza mpiga kasia wimbi lilikuwa kubwa kiasi gani, atakujibu kwa mkono: atauweka gotini, au kiunoni, kisha atacheka. Jibu hilo linamtosha, kwa kuwa amesoma mawimbi kwa macho tangu utotoni. Halimtoshi fundi anayetaka kuunda boti isiyozamisha wengine, wala ofisa anayetaka kuweka kanuni ya mwendo mbele ya kivuko. Hao wanahitaji sentimita. Na katika vitu vyote vya mtoni, wimbi ni miongoni mwa vile vigumu kabisa kupimwa. Ukichomeka fito majini, fito yenyewe inapasua maji na kuzaa viwimbi vyake. Tena inakupa habari ya mahali pamoja, ilhali mawimbi ya boti yametapakaa eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira. Hujamaliza kuandika namba, limeshapita na kuvunjikia ukingoni.

Wataalamu wa meli walizunguka tatizo hilo kwa kuiingiza meli ndani ya nyumba, ikiwa ndogo. Aliyefungua njia ni William Froude, mhandisi Mwingereza. Mwaka 1867 alifanya majaribio ya modeli za maumbo mawili, Swan na Raven, katika mto Dart, akaona kwamba hakuna umbo moja lililo bora kwa kila mwendo. Serikali ikampa pauni 2,000, na kufikia mwaka 1872 tangi lake lilikuwa likifanya kazi karibu na nyumba yake huko Torquay: mfereji ndani ya banda, urefu wake mita 85 hivi, na juu yake toroli lililokwenda kwenye reli likiburuta modeli za nta. Froude alifariki mwaka 1879 akiwa safarini, na kaburi lake liko Simon's Town, Afrika Kusini. Ni wachache barani kwetu wanaojua kwamba baba wa sayansi hii amelala kwenye udongo wa Afrika.

Kanuni aliyoiacha inaeleweka vizuri zaidi tukiipeleka kwenye chombo tunachokijua. Chukua balenieri, zile boti ndefu za mbao zinazoshusha watu, mahindi, mawese na mbuzi kutoka Kisangani kuelekea Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Tuseme ina urefu wa mita 25. Modeli yake ikipunguzwa mara 25 itakuwa na mita moja. Mwendo haupunguzwi mara 25, unapunguzwa kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani mara 5: balenieri inayokwenda kilomita 15 kwa saa, modeli yake iburutwe kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mtu asiye na haraka. Hapo mawimbi ya modeli yanakuwa picha ndogo ya mawimbi ya mtoni. Mto wenye kina cha mita 4 unakuwa maji ya sentimita 16. Wimbi la nusu mita linakuwa sentimita 2. Na kile kiganja cha ukingo wa mtumbwi, tukikihesabu sentimita 10, kinakuwa milimita 4. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mtumbwi utapona au utazama hana budi kupima milimita kwenye maji yanayochezacheza.

Kwa miaka mingi kifaa cha kazi hiyo kimekuwa nyaya mbili nyembamba zilizosimamishwa majini na kupitishiwa umeme: maji yakipanda, umeme unapita kwa urahisi zaidi, na mchoro unatoka. Nyaya hizo bado zinatumika, na ni za kuaminika. Lakini zina kasoro ileile ya fito, maana zinaona nukta moja. Ili kupata ramani ya mawimbi yote kuizunguka modeli ingebidi kupanda msitu wa nyaya, na msitu huo ungeyavuruga mawimbi yenyewe.

Macho yalirudishwa kazini na Wajapani. Takao Inui na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walipiga picha pacha za mawimbi ya modeli, kwa mbinu wanayotumia wachora ramani wanapopiga picha milima kutoka ndegeni, kisha wakachora mistari ya miinuko ya maji. Walitaka kuonyesha kwamba donge la mviringo likiwekwa chini ya omo linazaa wimbi lake lenyewe, na kwamba bonde la wimbi hilo likiangukia kilele cha wimbi la omo, yote mawili yanafutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 donge hilo lilifungwa kwenye meli ya abiria Kurenai Maru, ikashindanishwa na ndugu yake, Murasaki Maru. Ukisimama leo bandarini Mombasa au Dar es Salaam ukaona meli kubwa ya mizigo isiyo na shehena, ile pua nene inayojitokeza kwenye usawa wa maji ni ukoo wa donge hilo.

Kamera, hata hivyo, ina adui, naye ni maji yenyewe. Maji safi hayaonekani. Ukiyapiga picha kutoka juu unapata sakafu ya tangi, au taa za darini zikimetameta, na kompyuta haiwezi kukwambia uso wa maji uko wapi. Nusu ya ufundi wote wa miaka ya karibuni imekuwa ni kuyalazimisha maji yaonekane bila kuyabadilisha tabia.

Wapo waliochagua kuyapaka rangi. Pablo Cobelli na wenzake, waliofanya kazi yao nchini Ufaransa na kuichapisha mwaka 2009, waliyafanya maji yawe meupe, wakayamulikia mistari myembamba ya mwanga na kivuli. Maji yakitulia mistari imenyooka. Wimbi likipita mistari inapinda, na kiasi cha kupinda kinaeleza kimo cha wimbi kila mahali kwa wakati mmoja. Rangi iliyokuja kupendwa kwa kazi hii ni unga wa titani, ule unaotia weupe kwenye rangi za ukutani na kwenye dawa ya meno. Njia hii inapendeza, ila kulitia rangi tangi lenye maji ya kujaza nyumba nzima si jambo la kumwambia mtunza stoo.

Wengine wamemwaga chembechembe zinazoelea, wakatazama kwa kamera mbili. Kamera hizo zinafanya kazi ya macho mawili ya binadamu: kila chembe inaonekana mahali tofauti kidogo katika kila kamera, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa umbali. Guillaume Gomit na wenzake wa Poitiers walitangaza mwaka 2015 vipimo vya namna hiyo vya eneo pana, vilivyofanyika kwenye tangi kubwa la jeshi la Ufaransa huko Val-de-Reuil, ambalo urefu wake ni mita 545.

Njia ninayoipenda zaidi haimwagi kitu majini. Mwaka 2009 Frédéric Moisy, Marc Rabaud na Kevin Salsac waliieleza kwa ukamilifu: weka nukta chini ya maji, weka kamera juu, basi. Unaweza kuiona kwa macho yako kabla ya chakula cha mchana. Chora nukta nyingi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, zisifuate mpangilio wowote, ifunge ndani ya nailoni, ilaze chini ya beseni, mimina maji safi kiasi cha vidole vitatu, ngoja yatulie. Kisha gusa maji pembeni kwa ncha ya kidole. Nukta zinatembea. Zilizo chini ya mteremko wa mbele wa kiwimbi zinavutwa upande mmoja, zilizo chini ya mteremko wa nyuma zinavutwa upande wa pili, halafu zote zinarudi mahali pake, na karatasi haijasogea hata kidogo. Kilichosogea ni njia ya mwanga, uliopindwa na uso wa maji ulioinama. Kompyuta inachukua picha ya nukta maji yakiwa yametulia, inailinganisha na picha ya maji yakicheza, na kwa kila nukta inapata mteremko. Miteremko yote ikijumlishwa, unapata kimo cha wimbi kwa usahihi ambao fito haiwezi hata kuuota. Njia hii ina kikomo: wimbi likiwa kali mno, miale inapishana, nukta zinachanganyikana, na hesabu inavunjika. Tena inataka maji safi. Maji ya Kongo mbele ya Kisangani, ya rangi ya chai, yangezimeza nukta zote. Kwa hiyo nukta ni za tangini. Mtoni ni afadhali chembe zinazoelea, na hizo mto unatupa bure: mapovu, na yale magugu ya maji yanayoteremka mafungu kwa mafungu mchana na usiku.

Rabaud na Moisy ndio haohao waliochokoza jambo lililokuwa limelala kwa zaidi ya miaka mia moja. Lord Kelvin alikuwa ameonyesha mwaka 1887 kwamba, kwenye maji ya kina kirefu, mawimbi nyuma ya chombo hukaa ndani ya kabari ya nyuzi 19 na nusu kila upande, awe bata au manowari, uwe mwendo wa pole au wa mbio. Vitabu vikarudia hivyo. Wafaransa hao wakachukua picha za setilaiti zilizo wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, wakapima kabari za vyombo vya kweli baharini, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba vyombo vya kasi vinaonyesha kabari nyembamba zaidi. Maelezo yao ni kwamba chombo kifupi hakiwezi kuzaa vizuri mawimbi marefu kuliko kilivyo chenyewe. Wenzao walibishana nao kuhusu sababu. Kuhusu picha hakukuwa na ubishi mwingi.

Hata hivyo Kelvin na wabishi wake walikuwa wanazungumzia maji ya kina kirefu. Hapa ndipo habari inapowageukia watu wa Kisangani, kwa sababu mto wetu una mafungu ya mchanga na visiwa visivyohesabika, na maji yakishuka, kama Februari na Machi, vijana husimama omoni na fito zilizochorwa mistari, wakiita kina kwa nahodha. Kwenye maji ya kina kifupi kuna kasi ambayo wimbi haliwezi kuizidi. Inapatikana kwa kuzidisha kina kwa 9.81 na kutafuta kipeuo cha pili, jibu likiwa mita kwa sekunde. Kwenye maji ya mita 4 ni kama kilomita 22 na nusu kwa saa. Kwenye mita 2 ni karibu kilomita 16. Kwenye mita moja, kilomita 11 tu. Boti inayoikaribia kasi hiyo inalikimbiza wimbi lake lenyewe bila kulipita. Maji yanarundikana, kabari inafunguka hadi karibu ukuta mmoja unaokwenda pamoja na boti, tezi inadidimia, na nahodha anayeongeza mafuta hapati mwendo, anapata wimbi. Mwaka 1834 Mskoti John Scott Russell aliliona wimbi la aina hiyo likiondoka mbele ya mashua iliyosimama ghafla kwenye mfereji, akalifuata kwa farasi kwa zaidi ya kilomita moja kabla halijampotea.

Matangi ya kuchunguza hali hii si mengi, kwa kuwa fedha nyingi za dunia ziko baharini. Lipo Duisburg, Ujerumani, kwenye kituo cha vyombo vya mito kilichoanzishwa mwaka 1954. Lipo Borgerhout, kando ya Antwerp, la mita 88 kwa 7, na maji yake hayazidi nusu mita. Wabelgiji wameongeza jingine Ostend, la mita 174 kwa 20, kina mita moja. Lipo Poitiers, ambapo mawimbi ya maji ya kina kifupi yamepimwa kwa kamera. Mimi naona haya kidogo kwa niaba ya wote wanaohusika kwamba Ubelgiji, nchi iliyoujua mto Kongo kwa chombo cha mvuke tangu karne ya 19, ina matangi mawili ya kina kifupi, na mto wenyewe hauna hata moja.

Maana vyombo vya mto huu vilianza kuundwa mbali tangu mwanzo. Peace, boti ya mvuke ya wamisionari wa Kibaptisti, yenye urefu wa mita 21 hivi, iliundwa na kampuni ya Thornycroft kando ya mto Thames, ikajaribiwa hukohuko, ikafunguliwa vipandevipande na kubebwa kwa vichwa vya watu, mizigo takriban 800, kupita maporomoko ya chini ya mto. George Grenfell aliifikisha kwenye Maporomoko ya Stanley, yaani hapa Kisangani, Desemba 1884. Sifa yake kubwa ilikuwa kutozama sana majini. Sidhani kama kuna aliyejiuliza wimbi lake lingeufanya nini mtumbwi wa Mgenia, mwenyeji wa maporomoko hayo, aliyekuwa akivua kando yake.

Kupima mto wenyewe kumeanza. Mradi wa CRuHM uliviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Dar es Salaam, Rhodes, Leeds na Bristol. Mwaka 2017 watu wake walipanda mto kutoka Kinshasa wakipima kina na uso wa maji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mteremko wa uso wa mto unabadilikabadilika kuliko ilivyodhaniwa. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, inapima miinuko ya maji ya mito kutoka angani kwa rada. Hizo ni kazi kubwa na za heshima. Lakini setilaiti inaona kilomita. Haioni wimbi linalomlowesha mama wa Lubunga.

Wimbi hilo lingeweza kupimwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Tangi dogo la saruji lenye maji ya kisima; modeli ya mtumbwi na ya balenieri, ambazo wachongaji wa Wagenia wangezitoa vizuri kuliko karakana nyingi za Ulaya; nukta zilizochapwa na kufunikwa; kamera ya simu juu. Programu ya kulinganisha picha, OpenPIV, inapatikana bila malipo. Toroli la reli likikosekana, kamba ipitishwe kwenye kapi na kufungwa jiwe linaloshuka. Ndivyo walivyofanya watafiti wa karne ya 18 kabla ya Froude, na matokeo yao yalisomwa kwa miaka mingi. Ofisi ya serikali inayosimamia njia za mito, ile RVF, ina ramani na alama za njia. Ingepata pia namba za kuandika kwenye vibao vya mwendo.

Namba moja tunaweza kuipata sasa hivi kwa hesabu, nayo inapinga desturi. Boti ya kasi yenye urefu wa mita 8, ikikimbia kilomita 40 kwa saa, imeinuka na kuteleza juu ya maji, na wimbi lake ni la wastani. Nahodha muungwana anapoona mitumbwi anapunguza mafuta hadi nusu. Omo inapanda, tezi inazama, na boti inakwenda kama kilomita 16 kwa saa, mwendo ambao boti ya urefu huo huzaa mawimbi yake makubwa kuliko yote. Kama chini kuna mita 2 za maji, kilomita 16 ndiyo pia ile kasi ambayo wimbi haliwezi kuizidi. Maovu mawili yanakutana mahali pamoja, na yameletwa na adabu.

Ndugu nahodha, basi, mbele ya kivuko usipunguze nusu. Anza kupunguza mapema, mitumbwi ingali mbali, na ushuke moja kwa moja hadi kilomita 8 kwa saa, boti ikae sawa majini. Simu iliyo mfukoni mwako inakuonyesha mwendo huo, ila inahesabu kwa ardhi, haihesabu kwa maji: ukishuka na mkondo, toa mwendo wa mto, ukipanda, uongeze.